Kabla ya kununua seva mpya, lisomeni ulizo linalochelewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu mifumo ya kompyuta inayotumika katika afisi, hospitali, skuli na vituo vya kununulia karafuu hapa Unguja na Pemba. Mwananchi anafika dirishani, anamkuta karani amekaa anaangalia kioo bila ya kubonyeza kitu, na jibu analopewa ni lile lile: "Mtandao mzito leo, subiri kidogo." Mara nyingi mtandao hauna kosa. Kilichokwama ni ulizo, au kwiri kama mafundi wanavyosema, yaani ombi la taarifa linalotumwa na programu, linalohangaika kuunganisha majedwali mawili matatu ya kanzidata (ghala la taarifa za mfumo) bila ya njia fupi ya kufanya hivyo. Lawama ikiwekwa sipo, na dawa nayo hununuliwa sipo: seva mpya, laini nene zaidi ya intaneti, fedha nyingi, na baada ya miezi michache karani yupo pale pale anaangalia kioo.

Kuna jaribio la nusu saa la kuondoa shaka hii, na halina gharama. Lichukueni lile ulizo linalolalamikiwa mliendeshe kwenye seva yenyewe, si kwenye kompyuta ya dirishani. Likichukua sekunde 40 hapo hapo lilipo data, mtandao umeshatoka kwenye kesi. Likichukua nusu sekunde kwenye seva lakini sekunde 25 dirishani, hapo ndipo mtandao uangaliwe, na hata hapo tazameni kwanza programu inatuma maulizo mangapi kwa kioo kimoja. Programu nyingi huandikwa hivi: inaomba orodha ya wakulima 800, kisha kwa kila mkulima inatuma ulizo jengine dogo kuuliza kauza kilo ngapi. Ikiwa kila safari ya kwenda na kurudi baina ya Chake Chake na seva iliyoko Mjini ni milisekunde 30, safari 800 ni sekunde 24, hata kama seva inajibu papo kwa papo. Dawa yake ni ulizo moja linalounganisha majedwali yote mara moja. Kuongeza upana wa laini hakupunguzi urefu wa safari.

Ulizo lenyewe mtalipata wapi? Kanzidata inaweza kuyaandika maulizo mazito kwenye daftari lake, lakini daftari hilo huja limefungwa. Kwenye MySQL, ambayo ni programu ya kanzidata, washeni `slow_query_log`, na `long_query_time`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 10, ishusheni iwe 1. Kwenye PostgreSQL, programu nyengine ya aina hiyo, wekeni `log_min_duration_statement` iwe 1000, yaani milisekunde elfu moja. Waacheni makarani wafanye kazi siku mbili, kisha fungueni daftari. Msilitazame ulizo refu kuliko yote peke yake. Ulizo la sekunde 3 linaloitwa mara 2,000 kwa siku linakula muda mwingi kuliko ripoti ya dakika 10 inayotolewa mara moja usiku.

Utaratibu huu wa kuweka taarifa kwenye majedwali na kuyaunganisha kwa thamani zilizomo ndani yake ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Msingi wake ni kwamba mtu anasema anachotaka, na mashine ndiyo inayochagua njia ya kukipata. Hapo pana neema na pana mtihani. Neema ni kwamba mwandishi wa ripoti hana haja ya kujua data imekaa vipi kwenye diski. Mtihani ni kwamba njia iliyochaguliwa haionekani mpaka uiulize.

Tuchukue mfano wa karafuu, kwa kuwa kila mtu anaujua. Tuseme lipo jedwali la `wakulima` lenye mistari 40,000, na jedwali la `mauzo` lenye stakabadhi 1,200,000 za misimu kumi. Afisi inataka jumla ya kilo za kila mkulima wa Wilaya ya Wete kwa msimu mmoja, na Wete pana wakulima 9,000. Kama `mauzo` halina indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia, kwenye safu ya `mkulima_id`, njia moja ambayo mashine inaweza kuifuata ni kumchukua mkulima wa kwanza, kumlinganisha na stakabadhi zote 1,200,000, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka wa 9,000. Hizo ni linganisho bilioni 10 na milioni 800. Seva inayofanya linganisho milioni 20 kwa sekunde itamaliza baada ya dakika 9, na muda wote huo mwenye magunia yake amesimama juani. Ni sawasawa na karani wa mizani ambaye kwa kila jina analoitiwa analifungua daftari ukurasa wa kwanza na kulisoma lote mpaka mwisho, kisha anaitiwa jina jengine na kuanza upya.

Indeksi ni daftari hilo hilo lililopangwa kwa namba. Indeksi ya kawaida ina umbo la mti, na kwa mistari milioni moja na ushei mashine inashuka ngazi tatu au nne tu kumfikia mkulima anayetakiwa. Mara 9,000 kwa ngazi tatu ni hatua 27,000, ukiongeza na stakabadhi zenyewe za kusomwa. Dakika 9 zinageuka sekunde chache, pengine pungufu ya hapo, kwa mashine ile ile.

Ni haki tuseme kwamba kanzidata za leo zina njia nyengine. PostgreSQL inaweza kulijenga jedwali dogo la heshi, yaani orodha ya muda inayotafutika papo hapo, kwenye kumbukumbu na kulipitia jedwali kubwa mara moja tu. MySQL haikuwa na njia hiyo mpaka toleo 8.0.18 la mwaka 2019. Afisi ambayo bado iko na MySQL 5.7, toleo ambalo huduma yake ilifungwa Oktoba 2023, unganisho lisilo na indeksi linaendeshwa kwa njia ya mfano wetu, na hakuna seva ya bei yoyote itakayolitibu.

Sasa namna ya kuuliza njia. Andikeni `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya ulizo. Kanzidata italiendesha, itahesabu muda, na itaonesha hatua moja moja. Tahadhari kubwa: inaliendesha kweli kweli. Mkiweka mbele ya `UPDATE` au `DELETE`, mistari itabadilika au itafutika. Fungueni muamala, yaani kazi inayoweza kutenguliwa yote kabla ya kuthibitishwa, kwa `BEGIN`, pimeni, kisha itengueni kwa `ROLLBACK`. Kwenye MySQL amri hii nayo ilikuja na hilo toleo 8.0.18, matoleo ya nyuma yana `EXPLAIN` tupu, nayo yatosha kwa kuanzia.

Mpango, yaani orodha hiyo ya hatua, unasomwa kuanzia ndani kwenda nje: hatua iliyoingia ndani zaidi ndiyo inayofanywa mwanzo. Mkiona `Seq Scan` juu ya jedwali kubwa, au kwenye MySQL mkiona neno `ALL` kwenye safu ya `type`, jueni jedwali zima linasomwa. Peke yake hilo si kosa. Kama mnataka nusu ya mistari yote, kulisoma jedwali lote ndiyo njia ya haraka, na fundi anayelazimisha indeksi hapo anaongeza uzito. Kosa ni pale jedwali linaposomwa lote ili zipatikane stakabadhi tatu. Kisha tazameni `loops`, yaani mara ngapi hatua imerudiwa. Kwenye PostgreSQL muda unaoandikwa mbele ya hatua ni wa mzunguko mmoja kwa wastani, kwa hivyo hatua inayoonesha milisekunde 2 ikiwa na `loops=9000` imechukua sekunde 18. Wengi wanaipita hatua hiyo wakidhani ni nyepesi, na ndiyo mwizi wenyewe.

La tatu, ambalo sisi tunalitazama kuliko yote, ni tofauti baina ya idadi ya mistari ambayo mpangaji, yaani sehemu ya kanzidata inayochagua njia, alikisia na ile iliyopatikana kweli. Zikikaribiana, njia iliyochaguliwa kwa kawaida ni nzuri. Akikisia mstari 1 na ikapatikana 60,000, njia yote imejengwa juu ya mchanga. Na hapa visiwani hili lina wakati wake: wiki za mwanzo za msimu. PostgreSQL hukusanya yenyewe takwimu za yaliyomo kwenye majedwali, lakini kwa mpangilio wa kawaida husubiri mpaka mabadiliko yafikie mistari 50 na asilimia 10 ya jedwali. Kwa jedwali letu la stakabadhi 1,200,000 hayo ni mabadiliko 120,050. Msimu umefunguliwa, zimeingia stakabadhi 60,000, na takwimu bado hazijui kwamba msimu huo upo. Mpangaji anaona ni mstari mmoja tu, anachagua kupitia moja moja, njia nzuri kwa mistari mitano na mbaya mno kwa 60,000. Ripoti iliyokuwa ikitoka kwa sekunde 2 mwishoni mwa msimu uliopita sasa inachukua dakika, na hakuna aliyegusa programu. Amri moja, `ANALYZE mauzo;`, inazikusanya takwimu upya na inatosha kuirudisha. Kwa jedwali kubwa namna hii bora kuishusha ile asilimia 10 iwe 1 kwa jedwali hilo peke yake. Na kila baada ya kuingiza data nyingi kwa mpigo, kama vile kutoka kwenye faili za Excel za skuli, `ANALYZE` iendeshwe kabla mtu hajafungua ripoti.

Kuhusu indeksi zenyewe, lipo jambo linalowapoteza hata wenye uzoefu. Mkitangaza ufunguo rejea, yaani sharti kwamba namba ya mkulima iliyomo `mauzo` lazima iwemo kwenye `wakulima`, kwenye MySQL kwa majedwali ya InnoDB (aina yake ya kawaida), indeksi inatengenezwa pamoja nao. PostgreSQL haifanyi hivyo. Ufunguo utakuwepo, ulinzi utakuwepo, lakini indeksi kwenye `mauzo.mkulima_id` haitakuwepo mpaka mtu aiandike. Mfumo uliohamishwa kutoka MySQL kwenda PostgreSQL unaweza kuwa mzito siku ya pili kwa sababu hii tu.

Na mpangilio wa safu ndani ya indeksi una maana. Daftari lililopangwa kwa shehia, kisha jina, linamfaa anayeijua shehia. Anayejua jina tupu analisoma lote. Kwa ulizo letu, kwenye PostgreSQL tunaandika `CREATE INDEX CONCURRENTLY ON mauzo (mkulima_id, msimu_id);`, safu zinazotafutwa kwa thamani moja kamili zikitangulia, na kama kuna kipimo cha kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, safu ya tarehe inakuja mwisho. Neno `CONCURRENTLY` linaacha madirisha yaendelee kuandika stakabadhi wakati indeksi inajengwa. Bila ya hilo jedwali linazuiliwa kuandikwa mpaka kazi ishe, na saa nne asubuhi si wakati wake. Amri hiyo haikubali kuwekwa ndani ya muamala, na ikikatika njiani inaacha indeksi isiyofaa ambayo ifutwe au ijengwe upya. Msitie indeksi kila safu. Kila moja inabidi iongezewe mstari kila stakabadhi inapoingia.

Kuna mifumo yenye indeksi zote zinazohitajika na bado ni mizito, na hapo mara nyingi tunakuta aina za data haziendani. Namba ya mkulima imewekwa kama maandishi `'004512'` kwenye jedwali moja na kama namba 4512 kwenye jengine. MySQL italinganisha kwa kuzigeuza zote mbili, na indeksi iliyo juu ya safu ya maandishi haitumiki tena. PostgreSQL inakataa kabisa kulinganisha, kwa hivyo mwandishi anatia mgeuzo ndani ya ulizo ili lipite, na mgeuzo huo ndio unaoiua indeksi. Hali ni hiyo kwa namna MySQL inavyohifadhi herufi: jedwali la `utf8mb3` likiunganishwa kwa safu ya maandishi na la `utf8mb4`, mashine inageuza upande mmoja. Sawazisheni aina kwenye majedwali yenyewe, mara moja, kwa `ALTER TABLE`, baada ya kuchukua nakala. Namba za simu na vitambulisho zihifadhiwe kama maandishi pahala pote, kwani sifuri ya mbele ikishapotea hairudi.

La kutisha zaidi ni kuunganisha kwa majina. Kwetu huku Ali Juma Ali wako wangapi katika shehia moja? Na Khamis anaandikwa Hamis, Khamisi, na mara nyengine na nafasi tupu mwishoni. Mwandishi wa ripoti anajitetea kwa kuweka `LOWER(TRIM(jina))`, yaani kufanya herufi zote ndogo na kukata nafasi tupu, pande zote mbili. Indeksi ya kawaida haifanyi kazi juu ya safu iliyofunikwa hivyo, ulizo linakuwa zito, na mtu anaweza kupokea malipo ya mwenziwe. Usafi wa majina ufanywe siku ya kuingiza data, na kiungo kiwe namba. Kosa la tarehe ni ndugu yake: `YEAR(tarehe) = 2024` inaifunika safu. Andikeni `tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'`, na indeksi itafanya kazi.

Lipo kosa jengine ambalo uzito wake ni dalili tu, ugonjwa wenyewe ukiwa kwenye hesabu. Mkulima ana stakabadhi 30 na ana mikopo 6 ya pembejeo. Ulizo likiunganisha wakulima na mauzo, kisha na mikopo, kwa mpigo mmoja, linatoa mistari 180 kwa mtu mmoja, na jumla ya kilo inatoka mara sita ya ukweli. Fundi anaona mistari imerudiarudia, anatia `DISTINCT`, mistari inapungua na ripoti inakuwa nzito zaidi, na jumla bado si ya kuaminika: stakabadhi mbili za kilo 40 siku moja sasa zinahesabiwa moja. Njia sahihi ni kujumlisha kilo kwa kila mkulima kwanza, kujumlisha mikopo kwa kila mkulima pembeni, kisha kuziunganisha jumla hizo mbili. Mstari mmoja kwa mtu mmoja. Mkikuta `DISTINCT` juu ya ripoti ya malipo, isimamisheni mpaka aliyeitia aeleze kwa nini iko hapo.

Baada ya yote hayo ndipo tuzungumze kumbukumbu ya seva, na hata hapo kabla ya kununua. Kwa kumbukumbu ya kuweka data inayotumika, MySQL inakuja na `innodb_buffer_pool_size` ya MB 128, na PostgreSQL na `shared_buffers` ya MB 128. Seva ya GB 16 iliyoachwa hivyo inatumia sehemu ndogo tu ya ilichonacho. Kwenye seva inayofanya kazi ya MySQL peke yake, GB 10 au 11 ni pahala pazuri pa kuanzia. Kwa PostgreSQL robo ya RAM, yaani ya kumbukumbu ya seva. Kama mpango wa PostgreSQL unaonesha `Batches` zaidi ya 1 kwenye heshi, au `external merge Disk` kwenye upangaji, kumbukumbu ya kazi, `work_mem`, haikutosha na kazi imemwagikia kwenye diski. Ya kawaida ni MB 4. Ipandisheni kwa ile ripoti tu, `SET work_mem = '64MB';`, si kwa mfumo mzima: watu 100 kwa MB 64 ni GB 6.4, na ulizo moja linaweza kuichukua zaidi ya mara moja.

Kwa wakuu wa afisi tunaomba mambo haya yaingie kwenye mikataba ya mifumo. Mfumo upokelewe baada ya kujaribiwa na data ya ukubwa wa kweli, kwani kwa mistari 200 kila ulizo ni la haraka na kasoro zote hapo juu hazionekani. Daftari la maulizo mazito liwe wazi tokea siku ya kwanza. Na mtu akileta ombi la seva mpya, aambatanishe mpango wa maulizo matano yanayokula muda mwingi, kabla na baada ya kutia indeksi. Ikiwa mipango ni mizuri na bado mashine imeelemewa, basi nunueni, na sisi tutakuwa wa mwanzo kuunga mkono.

Kwa makarani, ambao ndio wanaobeba maneno ya watu dirishani: mfumo ukikwama, andikeni kwenye karatasi saa na dakika, kioo mlichokuwa mmefungua, namba mliyokuwa mnaitafuta, na sekunde mlizosubiri. "Mfumo mzito" haumsaidii fundi. "Saa 4:20, kioo cha malipo, mkulima 004512, sekunde 50" inampeleka moja kwa moja kwenye mstari wa daftari la seva ulioandikwa dakika hiyo hiyo.

Wasomaji wako,
Mafundi wa kanzidata,
Mjini, Unguja.